Mkono Ulioshika Mkoba

Oktoba 12

Mvua ya kwanza. Imepiga mchana kutwa, na bati la jikoni limevuja pale pale marehemu mume wangu Anaclet alipokuwa akiahidi kupaziba. Nitapaziba mwenyewe. Nimeanza kuandika humu kwa sababu kwetu mfiwa hatakiwi kusema sana, na mimi nikinyamaza sana kichwa kinaniuma.

Oktoba 15

Nimepanda maharage shamba la chini, lile la kando ya mto. Mama mkwe wangu alikuja na fimbo yake akasimama kwenye tuta la mwisho. Tunamwita Mawe, ndivyo mama anavyoitwa nyumbani kwetu. Hakunisaidia, hakunipa pole, alitazama tu mpaka akachoka, akaondoka. Tangu tumzike Anaclet mwezi wa kwanza ndivyo anavyonitazama. Sina hamu naye kabisa.

Oktoba 16

Mvua kubwa. Nimepanda mpaka kiuno kimegoma.

Oktoba 17

Leo nilikwenda sokoni Kibondo kufungua meza yangu ya vitenge. Asmahani, fundi cherehani wa Ujiji tunayekaa naye kibanda kimoja, aliniona nafika akaacha kushona. Akanipa simu yake bila salamu, na Asmahani bila salamu si kawaida.

Ulikuwa ukurasa wa Kitengo cha Mtandao Salama. Hawa ni watu wa serikali, ofisi yao iko Kasulu, wanazunguka masokoni kufundisha namna ya kujilinda mtandaoni: usitoe namba ya siri, usisambaze usichokihakiki, usiweke picha ya mtu bila ridhaa yake. Jana walikuja hapa. Asmahani anasema mvua iliwafukuza kabla msemaji hajamaliza kujitambulisha, waliobaki chini ya turubai ni dereva, msemaji mwenyewe na mbuzi wa mama muuza ndizi.

Sasa soma walichoandika: "Wananchi wa Kibondo wakifurahia kwa ngoma elimu ya usalama mtandaoni iliyotolewa jana." Na mwananchi anayefurahia ni mimi. Mimi Epifania, kitenge cha njano, nywele zimesukwa, mdomo wazi napiga vigelegele, mguu mmoja hewani. Picha ya miaka miwili iliyopita, siku walipozindua hicho Kitengo chao na kikundi chetu cha akina mama wa soko kikaalikwa kucheza. Jana saa walizoandika mimi nilikuwa shambani, kichwa nimenyoa, kitambaa cheusi, matope mpaka magotini.

Kwa mtu mwingine ni picha tu. Kwangu ni kesi. Mfiwa hachezi ngoma mpaka siku ya kuganduka, siku ya kutoa msiba, na ya kwetu imepangwa mwezi wa kwanza, maharage yakishavunwa. Siku hiyo wazee wa ukoo wanakaa, wanatoa matanga, kisha wanasema nani anabaki na nini. Watasema kama mimi na binti yangu Divine tunabaki kwenye nyumba ya Anaclet na shamba la chini, au tunafungasha. Mjane aliyecheza hadharani kabla ya kuganduka amemkana mumewe. Hana cha kudai.

Nilipokuza picha nikaona kitu kingine. Pembeni kabisa, walipokata ili wabandike nembo yao, umebaki mkono wa mwanaume umeshika mkoba wangu mwekundu. Mkono tu, kuanzia kifundo. Kidole cha shahada kimepinda.

Ni mkono wa Anaclet. Siku ile nilimpa mkoba anishikie nikacheze, watu wakamcheka, mwanaume mzima na mkoba wa kike, na yeye akacheka kuliko wao. Walimkata mume wangu wakabakiza mkono. Nimelia sokoni mbele ya wateja na sijali.

Oktoba 18

Nimepiga namba iliyoandikwa kwenye ukurasa wao. Inaita, haipokelewi. Nimeandika kwenye maoni kwa simu ya Asmahani: picha hii ni ya zamani, mimi ni mfiwa, naomba mwondoe. Baada ya muda maoni yangu hayapo. Ya mtu anayeitwa Mzalendo Halisi yapo: "Huyo ni mkimbizi wa Mtendeli, kambi imefungwa, anacheza nini, arudi kwao." Wameyapenda wengi. Wanafundisha watu wasitukanane mtandaoni, tusi wameliacha, ombi wamelifuta.

Baba yangu alikimbia Burundi akiwa kijana, akapewa uraia, akalipa kodi hapa mpaka anakufa. Mimi nimezaliwa hapa. Kwetu ndiyo hapa.

Oktoba 20

Jumapili. Baada ya misa alikuja Bazilio, kaka mkubwa wa Anaclet, ndiye msemaji wa ukoo sasa. Alikataa kiti. Ile picha imemfikia kwenye simu kupitia kundi la ukoo, imeshapita mikono mingi, imefifia. Nikamweleza yote: ya zamani, mvua, shamba. Akasikiliza. Nikadhani ameelewa.

Kumbe aliyemleta si mguu wangu hewani. Akaweka kidole kwenye pembe ya picha.

"Na huyu mwanaume anayekushikia mkoba ni nani?"

Nilimtazama. Huyu amelala kitanda kimoja na Anaclet mpaka wanaota ndevu. Wamechunga pamoja, wamelima pamoja, wamegombania kipande kile kile cha nyama. Na mimi, mke wa kuja, ndiye nimwambie mkono wa ndugu yake ukoje? Mori ukanipanda.

"Wewe tazama vizuri, shemeji. Ukishajua, njoo uniambie. Mimi sitamtambulisha mume wangu kwa kaka yake."

Akasema najificha nyuma ya maneno. Akasema tutaonana kwenye kuganduka. Nikamwambia ndiyo, nitakuwepo, na maharage yatakuwa yangu.

Sijui kama nimefanya ujinga. Nimefikiria kumfuata nikamwonyeshe kidole kilichopinda, nimbembeleze amkumbuke nduguye. Sitambembeleza.

Oktoba 23

Nimekwenda Kasulu. Basi lilikwama kwenye tope, nikafika ofisi za Kitengo viatu mkononi. Mhusika wa ukurasa ni kijana mmoja, Anania, mpole, ana kikohozi. Aliniita mama yangu, akanipa maji. Nikampenda pale pale.

Alikiri. Anatakiwa aweke picha baada ya kila mkutano, na picha ya mkutano wa mvua ilikuwa turubai na mbuzi. Akachukua ya zamani yenye watu waliochangamka. Nikamwambia basi andika ni ya zamani, weka na tarehe yake, weka yote bila kukata. Hapo akanywea. Taarifa ya mkutano ule imeshakwenda juu, akasema, na juu wanaamini Kibondo walicheza. Kuandika kwamba picha ni ya zamani ni kuandika kwamba mkutano haukuwepo. Akaniahidi suala langu litashughulikiwa.

Nimerudi nikiwa na matumaini, maana amenipa maji.

Oktoba 30

Halijashughulikiwa.

Novemba 2

Maharage yameota vizuri. Anania hapokei simu. Kumbe upole ni mali ya bure, anaugawa kwa kila mtu.

Novemba 5

Leo nilikuwa nakula mihogo nimeliegemea bango lao. Walilibandika ubavuni mwa choo cha soko kabla mvua haijawafukuza, na wino wake haujatoka. Asmahani akanisukuma akaanza kulisoma kwa sauti ya mwalimu mkuu: "Picha yako ikitumika bila ridhaa yako, usikae kimya. Gusa vidoti vitatu juu ya picha. Chagua Ripoti. Waombe na ndugu na marafiki waripoti pia."

Tukatazamana.

"Shoga," akasema, "serikali imekuagiza na wewe umekaa unakula mihogo."

Alizunguka soko zima na simu mkononi. Muuza ndizi, wauza dagaa, mama wa mitumba, kikundi chetu chote cha ngoma. Waliokuwa hawana bando akawawashia lake. Wengine hawakuwahi kugusa vidoti vile maishani mwao, ikabidi wapelekwe chooni kwenye bango, wasome, wafuate hatua moja moja. Winnie wa dagaa aliripoti kwanza picha ya harusi ya mpwa wake kwa bahati mbaya. Mbavu zangu ziliuma, na nilikuwa sijacheka tangu mwezi wa kwanza.

Novemba 8

Wenye mtandao wameiondoa. Picha haipo, na ukurasa wa Kitengo umefungiwa kuweka chochote kwa muda. Asmahani alicheza katikati ya soko, akasema anacheza kwa niaba yangu kwa kuwa mimi siruhusiwi.

Novemba 10

Nilidhani nimeshinda. Bazilio amekuja tena baada ya misa, safari hii na wazee wawili. Akasema sasa amethibitisha: asiye na hatia hafuti. Kama picha ilikuwa ya zamani ningeiacha mahali pake serikali iseme yenyewe ni ya lini. Nimeita soko zima lifute ushahidi. Wazee wakatikisa vichwa.

Kweli, ukitazama kwa macho yake, ndivyo inavyoonekana. Yeye nakala yake anayo kwenye simu, iliyofifia, yenye mkono. Aliyekuwa na picha nzima ni Kitengo peke yake, na sasa Kitengo wamenikasirikia.

Mawe alikuwa amekaa mlangoni kwake anachambua mboga. Bazilio alipita mbele yake bila kumweleza kitu, na simu hajamwonyesha. Mambo ya simu si ya wazee wa kike, ndivyo anavyosema. Mimi pia sikumweleza. Nilijua angenitazama tu.

Novemba 13

Mkuu wa Kitengo amekuja mwenyewe sokoni, gari jeupe, Anania nyuma yake akikohoa. Mtu mnene wa sauti ya taratibu. Alisema mbele ya wateja wangu kwamba nimeongoza kundi kushambulia chombo cha serikali mtandaoni, na kwamba ziko sheria.

Nilijifunga kitenge upya ili nipate cha kufanya na mikono. Halafu nikamwomba anifuate hatua chache. Akanifuata mpaka chooni. Nikamwonyesha bango.

"Mkuu, soma hapo. Nimefuata bango lenu, neno kwa neno. Kama limekosea, tulibandue sote wawili."

Hakulisoma. Watu walikuwa wamejaa. Akabadilisha mwendo, akawa mtamu. Alisema kuna namna ya kumaliza hili kiungwana: nirekodi video fupi, niseme palitokea sintofahamu, Kitengo kimenisaidia, nawaomba wananchi waendelee kukiamini. Wakishaiweka hiyo, watatafuta ile picha nzima kwenye kumbukumbu zao.

Nilijiona nimeshika picha nzima mkononi, Anaclet anacheka, Bazilio amefunga mdomo. Dakika moja tu ya kusema uongo. Asmahani alikuwa ananitazama na hakunisaidia kwa neno wala kwa jicho.

Nikamwambia picha ni ya mume wangu, mimi siinunui. Kwanza waweke picha, halafu kama kuna sintofahamu nitaieleza yote, na mbuzi nitamtaja. Gari likaondoka. Nimeuza kitenge kimoja tu kutwa nzima, watu walikuwa wanataka hadithi.

Novemba 14

Nimejuta asubuhi. Mchana nimeacha kujuta.

Novemba 22

Nimepalilia. Mvua kila siku, magugu yanakimbia kuliko mimi. Bazilio alikuja na mtu nisiyemjua, wakapima shamba la chini kwa hatua huku mimi nipo ndani yake nimeshika jembe. Niliendelea kupalilia, na walipofika nilipo sikusogea. Ikabidi wanizunguke.

Desemba 6

Divine amefunga shule. Amekua, na ana hasira za kwangu. Wenzake bwenini walimwonyesha ile picha, wakamuuliza mama yako ameolewa tena? Aliwajibu nini hakuniambia, ila ameandikwa kwenye kitabu cha nidhamu. Jina la baba yake sikulisikia likitoka mdomoni mwake siku nzima.

Desemba 9

Kitengo wamerudi sokoni kufanya mkutano upya, maana ukurasa umefunguliwa. Turubai jipya, spika kubwa, na wanarusha mubashara. Kamera imeshikwa na Anania. Mkuu alifundisha vizuri, nampa haki yake. Alieleza matapeli wa simu, akaeleza watoto wanavyodanganywa, watu wakaelewa. Nikawaza, kumbe mtu anaweza kufundisha jambo jema sana na asilifanye.

Wakafungua maswali. Nilinyoosha mkono. Mshika kipaza sauti akanipita. Nikaendelea kuunyoosha. Akanipita tena akampa Winnie wa dagaa. Winnie akakipokea, akasema "swali langu analo huyu", akanikabidhi.

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka.

"Mimi naitwa Epifania Ndayikeza. Mmefundisha kwamba mtu akitumia picha yangu vibaya niripoti kwa serikali. Aliyeitumia akiwa ni serikali, niripoti kwa nani?"

Nilimtazama Anania, nikategemea atazima kamera. Hakuizima. Alikuwa amekaza meno, jasho linamtoka, na kamera imenielekea mimi. Basi nikaendelea. Nikasema picha ilikuwa ya miaka miwili, nikasema mimi ni mjane, nikasema aliyekatwa pale pembeni ni marehemu mume wangu na nyumba yangu iko hatarini kwa sababu ya mkono wake. Nikaomba picha nzima na tarehe. Basi.

Mkuu alishukuru kwa swali zuri. Akasema Kitengo ni sikivu na litafanyiwa kazi.

Desemba 11

Limefanyiwa kazi. Wameweka tangazo la rangi ya bluu: "Tunawakumbusha wananchi kuzingatia matumizi sahihi ya picha." Wananchi! Na ile video ya mubashara imekatwa kabla ya maswali. Divine alitaka kutupa simu mtoni, nikamwambia simu ina kosa gani.

Desemba 25

Noeli. Hatukuimba.

Januari 8

Tumeanza kuvuna. Maharage mazuri, meupe na yale ya njano tuyaitayo soya, gunia baada ya gunia. Divine anang'oa, mimi nabeba. Tulipoanza kupura alikuja Mawe, akaweka fimbo chini, akachukua ubao akaanza kupiga pamoja nasi. Hakuna aliyemwita. Anapura vizuri kunishinda. Sijui nimwazie nini.

Jioni akaniuliza bila kuniangalia: "Mukazana, ni kweli una mwanaume?"

Mukazana ni mke wa mwana. Nikasema sina. Akasema haya. Akaendelea kupepeta.

Ningeweza kumwonyesha wakati ule. Simu ilikuwa mfukoni, nakala nzuri aliyonitumia Asmahani siku ile ya kwanza. Sokoni niliwaambia wageni, lakini Bazilio nilimwambia sitamtambulisha mume wangu kwa kaka yake, nikaona kwa mama yake ndiyo aibu zaidi, kwamba anihitaji mimi kumjua mwanawe. Kiburi, najua. Ndicho nilichobaki nacho.

Januari 18

Kuganduka.

Walijaa uani, ukoo wote, majirani, watu wa kanisa. Pombe ya ndizi, maharage yangu, wali. Padre msaidizi alisali akaenda zake. Wazee wakatoa msiba: nikavuliwa kitambaa cheusi, Divine akavuliwa, tukamwagiwa maji mikononi. Nilijihisi mwepesi na uchi. Kisha ikaja sehemu ya kusema nani anabaki na nini, na Bazilio akasimama.

Hakupiga kelele, alisema kama mtu aliyesononeka. Kwamba ukoo ulinipokea vizuri. Kwamba mimi nilicheza ngoma mchanga wa kaburi haujakauka, nina mwanaume wa kunibebea mkoba, nimeita soko zima kufuta ushahidi, na mbele ya kamera nikamsingizia marehemu. Kwa hiyo nyumba irudi kwa ukoo, shamba la chini nalo, Divine abaki kwao, mimi niende nilikotoka. Akasema Divine abaki kwao. Hapo nilisimama na sikumbuki nilivyosimama.

Mzee mmoja akaomba aone. Bazilio akatoa simu ikapita mkono hadi mkono, wanaume wote, kila mtu akisogeza kwenye uso na kuitoa mbali. Wakaguna. Ilipofika mwisho wa mkeka wa wanaume, Mawe akanyoosha mkono wake kutoka mkeka wa akina mama. Bazilio akasema, "Mama, hii haionekani vizuri kwa macho yako."

Mawe aliuacha mkono hapo hapo hewani. Hakuushusha mpaka simu ikawekwa ndani yake.

Divine akatoa simu yangu mfukoni mwangu bila kuniomba, akamfuata Mawe, akafungua ile nakala isiyofifia, akaiweka juu ya ile nyingine. Mawe aliishusha mpaka mapajani. Aliupita uso wangu, aliupita mguu wangu na kitenge changu cha njano. Alifika kwenye pembe akasimama hapo.

"Huyu ni Anaclet," akasema.

Bazilio akaanza kusema kitu. Mawe hakumpa nafasi.

"Ng'ombe wa babu yako alimkanyaga kidole hiki. Nilikifunga mimi kwa kamba ya mgomba, kikaunga vibaya. Wewe Bazilio ulikuwepo, ndiwe uliyemwacha ng'ombe." Akainua uso. "Umekuwa na mkono wa mwanangu mfukoni tangu mvua za kwanza, na hukuniletea nikaushika."

Mzee aliyeomba kuona akavua kofia. Bazilio alitazama chini, na mpaka sasa ninapoandika sijui kama hakuujua ule mkono au aliujua. Sitamuuliza. Mawe akainuka kwa fimbo yake, akavuka uwanja, akaja kukaa kwenye mkeka wangu, ubavu kwa ubavu, mzito na joto lake, na simu bado ameishikilia.

Wazee hawakuchukua muda. Nyumba ni yangu na Divine. Shamba la chini ni letu.

Ngoma zilipopigwa sikucheza. Nilikuwa na haki ya kucheza, ila Mawe alikuwa amenishika mkono.

Januari 19

Bazilio kapita barabarani, akanisalimu yeye kwanza. Nimeitikia.

Mawe amekuja asubuhi kabla ya chai. Ameuliza kama wale watu wa Kasulu bado wana sehemu nyingine ya Anaclet. Nikamwambia wanayo, anaonekana mzima, anacheka. Akaniuliza kwa nini basi tumekaa.

Januari 21

Kasulu, mimi na Mawe. Alivaa kitenge ambacho hajakifungua tangu harusi yangu. Ndani ya basi hakusema kitu, na kwa mara ya kwanza ukimya wake haukunisumbua.

Anania alitupa maji. Alinong'ona kwamba siku ile ya mubashara alikaripiwa kwa maneno makali, na kwamba si yeye aliyekata video. Nikamwambia najua, hukuzima kamera nilikuona. Akaenda kumwita mkuu.

Mkuu alitoka na tabasamu na sababu mpya. Picha nzima ipo, akasema, wala hawaikatai. Tatizo ni kwamba ina sura ya mtu mwingine, na kwa mujibu wa mwongozo wao hawawezi kuitoa wala kuiweka hadharani bila ridhaa ya huyo mtu mwenyewe. Alisema hivyo akimtazama Mawe, aliyemzika huyo mtu. Mwongozo wameukumbuka leo.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimpe vidonge vyake. Mawe akaniwekea mkono gotini.

"Anaclet hawezi kuja," akamwambia taratibu. "Nimekuja mimi. Nilimzaa, ridhaa yake naitoa mimi."

Mkuu akasema watalipeleka ngazi za juu, turudi wiki ijayo. Mawe akamwitikia kwa heshima zote, ndiyo baba, akavua viatu, akavipanga chini ya benchi, akafungua kifurushi cha viazi tulivyochemsha alfajiri. Akanipa kimoja. Watu waliokuja kwa shida zao wakaanza kuingia, wakatuona, wakauliza kuna nini, na Mawe akawaeleza kila mmoja tangu mwanzo, kwa Kiha, bila haraka, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kutoka. Alipofika kwa mbuzi wote walicheka. Alipofika kwenye mkono wakamgeukia mkuu.

Mkuu aliingia ndani akafunga mlango. Baadaye Anania aliitwa, akakaa humo, akatoka amekunja uso kama mtu anayezuia kicheko au kilio. Akaketi mezani kwake, akageuza kompyuta ikatuelekea.

Mawe alimtazama mwanawe muda mrefu, kichwa hadi miguu, na mkoba wangu mwekundu. Kisha akamwambia Anania amweke pale wanapoona watu wote, mzima, na tarehe yake, na kwamba sisi tumekaa hapa hapa tunasubiri tuone.